Kupaka Gitaa Polishi ya Kifaransa

(Maongezi kwa mafundi seremala na wapenda muziki wa Mitunguu, Meru)



Fundi seremala aweza kukaa miezi mitatu akiunda gitaa kwa mikono yake. Huchagua mbao, huzikunja mbavu kwa maji na moto, huunganisha mgongo na uso, hupima shingo hata ikanyoka barabara. Kisha katika siku mbili za mwisho huliharibu lote kwa kopo moja la vanishi. Gitaa hilo litang'aa kama meza ya hoteli, na sauti yake itakuwa kama ya meza vilevile. Kijana aliyeweka akiba ya mauzo ya ndizi mwaka mzima ili alinunue atalipiga mara moja, atalirudisha ukutani, na fundi hatamwona tena. Maongezi haya ni juu ya siku hizo za mwisho.

Yafaa kwanza kufahamu mahali sauti ya gitaa inapotoka. Wengi hudhani kwamba hutoka katika nyuzi. Lakini uzi peke yake, ukivutwa kati ya misumari miwili ukutani, sauti yake haifiki mbali. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao wa mbele, na ubao huo, ambao unene wake ni kiasi cha milimita 2 na nusu tu, ndio unaosukuma hewa mpaka sauti ikamfikia mtu aliyekaa nyuma kabisa kanisani. Fundi mkuu wa Hispania, Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, ndiye aliyelipa gitaa la Kihispania umbo lililo nalo hata leo. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, na uso wa mbele tu ndio uliokuwa wa mbao nzuri, ili awaonyeshe watu kwamba uso ndio wenye sauti.

Basi kila kitu kinachopakwa juu ya ubao huo ni mzigo. Vanishi nzito ya milango, ikipakwa kwa brashi mara tatu, ni kama blanketi lililofunikwa juu ya ngoma. Lakini kuuacha ubao mtupu nako si shauri jema, kwa maana jasho la mkono, vumbi na unyevu wa masika huingia katika mti, ukafanya madoa, ukavimba na kunywea, na mwisho ukapasuka. Kitakiwacho ni ngozi nyembamba sana, yenye kuulinda mti bila kuunyamazisha. Ngozi hiyo ndiyo iitwayo polishi ya Kifaransa.

Huitwa ya Kifaransa kwa kuwa ilisifika katika karakana za Paris, na katika karne ya 19 ikaenea Ulaya katika piano na samani za fahari. Lakini kitu chenyewe hakitoki Ufaransa. Ni shelaki, nayo hutoka hasa Bara Hindi na Thailand, kwa mdudu mdogo mno ambaye hufyonza utomvu wa miti na kujifunika kwa gamba analolitoa mwilini mwake. Watu hukata vijiti vilivyofunikwa na magamba hayo, huyakwangua, huyaosha, huyayeyusha kwa moto ndani ya mfuko wa nguo, kisha huyavuta yakawa karatasi nyembamba na kuyavunja vipande vipande. Vipande hivyo hufanana na magamba ya samaki yenye rangi ya asali. Lakiri iliyotumiwa zamani kufungia barua na vifurushi vya posta ilifanywa kwa kitu hichohicho.

Tena wazee wanaokumbuka gramafoni wamekwisha kuishika shelaki bila kujua. Santuri zile nzito za mizunguko 78, ambazo zikianguka zilivunjika kama sahani ya udongo, zilifanywa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe na masizi. Kwa hiyo gitaa la Mwenda Jean Bosco, ambalo Hugh Tracey alilirekodi huko Jadotville katika Kongo mwaka 1952 (mji huo sasa ni Likasi), liliwafikia wasikilizaji wake likiwa limechorwa juu ya kazi ya mdudu yuleyule anayeling'arisha gitaa.

Kwa upande wa mbao, mafundi wa Meru wana bahati. Muuru, ambao wauzaji wa mbao huuita Meru oak, humea katika miteremko ya Mlima Kenya, na watu wengi wameupanda mashambani mwao. Rangi yake ni kahawia yenye michirizi ya kupendeza, nao wafaa sana kwa mgongo na mbavu. Vitundu vyake huonekana kwa macho, na kwa hiyo hapana budi kuvijaza, kama itakavyoelezwa. Uso wa mbele hutaka mti mwepesi wenye nyuzi zilizonyooka, kama saipresi, nao hauna vitundu vya namna hiyo. Jambo moja lisisahauliwe: mbao zilizonunuliwa juu, kwenye baridi na ukungu, zilazwe kivulini Mitunguu kwa miezi kadhaa kabla ya kuguswa kwa msumeno. Zisipolazwa zitanywea baada ya gitaa kwisha kuunganishwa, na hakuna polishi iwezayo kuuziba ufa.

Hali ya hewa ya Mitunguu ni rafiki wa kazi hii na ni adui pia. Ni rafiki kwa kuwa pako chini, penye joto na ukavu kuliko Nkubu, na shelaki huchukia unyevu. Spiriti inapokauka juu ya mti huupoza, na hewa ikiwa na maji mengi, maji hayo hutua juu ya polishi na kuacha ukungu mweupe kama pumzi juu ya kioo. Kwa sababu hiyo miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, si miezi ya kupaka, isipokuwa katika siku ambazo mvua imekatika na jua limewaka. Ni adui kwa kuwa saa saba ya mchana joto huwa kali hata spiriti hukauka kabla mkono haujapita, na kitambaa hunata. Fundi mwenye busara hufanya kazi hii asubuhi, tangu saa mbili hadi saa nne hivi, katika chumba kisicho na vumbi wala kuku.

Shelaki huyeyushwa kwa spiriti. Hapa pana neno zito. Spiriti ya kuchomea na ya kupakia rangi hutiwa sumu makusudi ili isinywewe, na mara nyingi sumu hiyo ni methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Haisafiki kwa kuchujwa kwa mkate wala kwa kuchemshwa wala kwa kutiwa ndimu, hata wasemaje wenye kuiuza. Mei ya mwaka 2014 watu wa pande hizi wanaikumbuka: makumi ya watu walikufa katika Embu, Kiambu, Kitui na Makueni kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipona wakiwa vipofu. Basi chupa ya spiriti iandikwe kwa herufi kubwa, ifungiwe kabatini, na kamwe isitiwe katika chupa ya soda. Madirisha yawe wazi wakati wa kazi, na jiko, taa ya mafuta na sigara vikae mbali, maana mvuke wake hushika moto upesi.

Spiriti iwe kali. Ile ya kusafishia vidonda aghalabu imetiwa maji mengi, nayo huigeuza polishi kuwa maziwa. Fundi apime gramu 60 za shelaki na robo lita ya spiriti, avitie katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, atikise mara kwa mara, na aache hadi kesho yake au kesho kutwa. Asitumie mkebe wa chuma, kwa sababu shelaki hushikana na chuma ikawa nyeusi. Ikiisha kuyeyuka aichuje kwa kitambaa chembamba. Mchanganyiko huo haudumu: ukipita miezi sita si wa kuaminiwa tena. Kabla ya kuanza adondoshe tone moja juu ya kioo, na kama hata kesho yake lingali lanata, aumwage wote. Ni uchungu kumwaga kitu cha pesa, lakini shelaki iliyozeeka haitakauka juu ya gitaa kamwe, nayo itabidi kukwanguliwa yote.

Sasa kazi yenyewe. Gitaa lote hukwaruzwa kwa kipande chembamba cha chuma, kisha husuguliwa kwa msasa kufuata nyuzi za mti, kwanza namba 120, kisha 180, kisha 220, na mwisho 320. Fundi alishike kando ya dirisha ili mwanga ulipitie kwa ubavu, maana kila mkwaruzo usioonekana sasa utaonekana mara kumi baada ya kupakwa, na kila tone la gundi litakuwa doa jeupe. Mahali pa daraja na ubao wa vidole hufunikwa kwa utepe wa karatasi. Daraja likibandikwa juu ya polishi litang'oka siku nyuzi zitakapokazwa, kwa kuwa gundi itakuwa imeshika shelaki, haikuushika mti.

Chombo cha kupakia si brashi. Ni kifundo: pamba au kipande cha soksi ya sufu, kilichoviringwa kikawa kiasi cha yai la kuku, na kufungwa ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa mara nyingi hata kikawa laini. Upande wa chini usiwe na mkunjo hata mmoja. Kazi ikikoma kifundo huhifadhiwa katika chupa iliyofungwa vizuri, ama sivyo hukauka kikawa jiwe.

Kwanza gitaa lote hupakwa shelaki nyepesi, yaani ile ya chupani iliyoongezwa spiriti kiasi chake, mara mbili au tatu. Hii hufunga mti, na huzuia vumbi jeusi la mbavu lisiutie uso uchafu.

Baada ya hayo huja kujaza vitundu vya mgongo na mbavu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Hutumika unga wa lile jiwe jepesi la volkeno lielealo majini, jiwe lile ambalo wengine hulitumia kusugulia visigino, nalo lapatikana kwa wingi pande za Longonot. Lisagwe na kuchekechwa likawa laini kama unga wa ngano, kwa maana punje moja kubwa itauchora ubao kama msumari. Unga kidogo sana hunyunyizwa kwenye kifundo chenye spiriti na matone machache ya shelaki, nacho huzungushwa kwa nguvu juu ya mti, duara baada ya duara. Jiwe hukwangua chembe za mti, chembe hizo hushikana na shelaki na kuingia vitunduni, na hivyo muuru hujazwa kwa muuru wenyewe, rangi haitofautiani. Kwa mti wenye vitundu vipana kama huu, kazi ni ya siku tatu au nne. Mikono itauma. Ajaribuye kuimaliza kwa siku moja ataona baada ya mwezi vitundu vimefunguka tena, vinamtazama.

Uso wa mbele haupitishwi katika jiwe hilo.

Kisha ndiyo polishi hasa. Ndani ya kifundo hutiwa shelaki kiasi cha kukilowesha, na matone machache ya spiriti. Kigongwe juu ya karatasi: kikiacha alama yenye unyevu unaokauka mara moja, kiko sawa, kikiacha dimbwi, kimelowa mno. Chini yake hupakwa tone moja la mafuta ya zeituni kwa ncha ya kidole, ili kiteleze. Mafuta hayo si sehemu ya polishi, ni ya kusaidia mkono tu, na baadaye yataondolewa. Wako mafundi wanaotumia mafuta ya kitani. Hao na wajue kwamba matambara yenye mafuta hayo, yakirundikwa pembeni, hupata moto yenyewe bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke.

Kifundo huingia juu ya ubao kikiwa tayari kinakwenda, kama ndege atuaye, na hutoka kikiwa kingali kinakwenda. Hakisimami. Kikisimama kwa kitambo kidogo tu, spiriti huiyeyusha shelaki iliyo chini, kitambaa kikanata, na kikivutwa huacha kidonda. Huzungushwa kwa miduara midogo, kisha kwa umbo la nambari nane, na mwisho kwa mistari iliyonyooka toka ukingo hata ukingo. Nyuma yake huonekana wingu jepesi lifuatalo mkono na kupotea. Wingu hilo ndilo ishara kwamba mambo yanakwenda vizuri. Likikosekana, kifundo kimekauka. Mkono ukianza kuvutwa, mafuta yamekwisha au ubao umechoka. Hapo ni kuuacha na kuhamia ubavuni.

Kosa la kila anayeanza ni kurudi mahali palipoharibika ili aparekebishe papo hapo. Akiona alama, hupapaka tena, alama huwa jeraha, hupapaka tena, jeraha hufika kwenye mti. Dawa yake ni kuondoka. Shelaki ikaushwe hadi kesho, ndipo alama isuguliwe polepole kwa msasa laini sana, na kupakwa upya. Kingo nazo zahitaji uangalifu, kwa sababu mkono hupenda kukaa katikati ya ubao, na kingo hubaki uchi.

Kila siku gitaa hupakwa kwa muda mfupi, pengine kila upande mara tatu au nne, kisha huachwa. Baada ya siku tatu za namna hiyo husawazishwa kwa msasa namba 600 wenye mafuta kidogo, kwa mkono mwepesi, na kazi huendelea. Siku nane hadi kumi hutosha kwa mgongo na mbavu. Uso wa mbele upewe siku chache zaidi za kupumzika na chache kidogo za kupakwa. Hapo kila tone lihesabiwe. Fundi augonge kwa ukucha kila asubuhi, karibu na mahali pa daraja, na kuusikiliza. Ubao mzuri hujibu kwa sauti iliyo wazi. Ukianza kujibu kwa uzito, polishi imezidi, na aliyeizidisha hakufanya hivyo ila kwa kutamani mng'ao.

Siku ya mwisho huondolewa mafuta. Kifundo kipya, chenye spiriti kidogo kiasi cha kuhisiwa baridi yake mdomoni bila kuacha unyevu, hupitishwa kwa mistari iliyonyooka, upesi, bila kukandamiza. Wingu la mafuta hupungua, na kwa mara ya kwanza mti huonekana kama ulio chini ya maji safi. Kikilowa zaidi ya hapo, spiriti itaifuta kazi ya majuma mawili kwa dakika moja. Jambo hili limewapata mafundi wengi, wala si wa Meru peke yao.

Gitaa sasa hutundikwa mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni, kwa majuma matatu au manne. Huonekana limekauka siku ya kwanza, lakini alama ya kidole yaweza kubaki juu yake siku ya kumi. Ndipo utepe uondolewe, daraja libandikwe na kubanwa, na kesho yake nyuzi zivutwe.

Mnunuzi aambiwe ukweli wote. Polishi hii si ngumu kama vanishi za kupuliziwa. Pombe ikimwagika juu yake huila, kwa hiyo gitaa lisikae juu ya meza ya kilabu. Likiachwa ndani ya gari lililofungwa, mchana wa Mitunguu, shelaki italegea na nguo ya mfuko itajichora juu yake. Jasho la mkono wa kulia nalo, mahali unapoegemea, litaikwangua baada ya mwaka mmoja au miwili. Lakini mahali palepale ambapo vanishi nyingine ingehitaji kubanduliwa yote, shelaki mpya huyeyuka na kuingia ndani ya ile ya zamani, zikawa kitu kimoja, pasionekane mpaka. Mwenye gitaa atalileta asubuhi. Fundi atalifuta jasho kwa kitambaa chenye unyevu, atalikausha, atakifungua kifundo chake chupani, na kabla ya saa nne pale palipochakaa patakuwa pamepona.